Piano Iliyofungwa Mdomo

Mutanga Sud, 4 Juni 2023

Mdogo wangu Rénovat,

Huku tunapumua. Macho ya Baba yamekwisha kabisa, lakini masikio anayo yote, na ulimi pia. We na Liège yako mnaendeleaje?

Nataka kutengeneza piano. Tangu Pasaka Baba anapiga vidole juu ya meza ya kulia, kisha anakwama palepale, kama mtu aliyefika kwenye mlango uliofungwa. Nimemwita Massoudi, fundi wa mtaa wa Buyenzi. Kazi yake ni gia za magari, lakini kinanda cha parokia aliyekifufua ni yeye. Ataangalia kama inafaa. Ni mali ya nyumba, ndiyo maana nakuuliza.

Dada yako,
Elvire

Liège, 19 Juni

Dada Elvire,

Salamu nimepokea, mi mzima. Jibu ni apana.

Mchwa, joto, panya, miaka thelathini na nne: hiyo si piano, ni kabati la vumbi. Na fundi wa gia? Kesho utampeleka Baba kwa seremala akapimwe moyo.

Tena unasahau nani aliiharibu. Siku Padre Mbelgiji alipokuja kunisikiliza kama nafaa kusoma muziki Ulaya, kila kibao cha piano kililia kama gunia. Baba akakukuta na beseni la maji. Wivu ulikutuma uyamwage ndani. Akaifunga, akautupa ufunguo ziwani, akasema asiiguse mtu. Heshimu neno lake. Ipasue, uipikie maharage.

Mdogo wako,
Rénovat

Mutanga Sud, 2 Julai

Rénovat,

Umenijulia hali kwa matusi. Hali ni nzuri.

Beseni lile Baba mwenyewe aliniamuru niliweke chini ya piano kila kiangazi, mbao zisipasuke. Sikumwaga hata tone. Nililisema hilo nikiwa na miaka kumi na sita, nikapigishwa magoti mbele ya kwaya yake nzima na kutolewa. Tangu hapo nafuta vumbi la kitu nisichoruhusiwa kukigusa.

Leo we ndiye mlinzi wa neno la Baba. Anayejali neno la Baba humpigia simu alisikie. Massoudi anakuja Jumamosi.

Dada yako,
Elvire

Liège, 6 Julai

Dada,

Natumaini mko wazima. Mzuie huyo Massoudi. Kama unataka kucheza, nitakutumia kinanda cha umeme, kipya. Ile iacheni. Nakuomba.

Mdogo wako,
Rénovat

Mutanga Sud, 10 Julai

Rénovat,

Sisi wazima kuliko ulivyotumaini. Kinanda chako mpe mwingine.

Kitasa Massoudi alikifungua kwa dakika mbili. Akaingiza mkono kati ya nyundo na nyuzi, akacheka. "Dada, huyu hakufa. Walimufunga mudomo." Akatoa mashati manne ya internat, ile shule yako ya bweni, yamekunjwa vizuri na kukazwa kwa ufundi. Kwenye kola, uzi mwekundu: 214. Namba yako. Kila Septemba Mama, Mungu amrehemu, alikaa kuishona kwenye nguo zako zote, hata soksi.

Hukuwa umejifunza wimbo wa kumpigia Padre, na ulimwogopa Baba kuliko ulivyonipenda mimi. Padre akamhurumia kijana aliyeharibiwa bahati na dada yake, akakuchukua hivyohivyo. Huruma hiyo unaila mpaka leo.

Nyuzi kumi na moja zimekatika, panya wamekula nusu ya nyundo. Massoudi anasema: "Chuma kizima, ubao muzima. Inafaa. Ila isitegemewe kuimba kama ya zamani."

Mwandikie Baba, kwa mkono wako. Nitamsomea bila kuongeza neno. Una mpaka mwisho wa mwezi.

Dada yako,
Elvire

Mutanga Sud, 1 Agosti

Rénovat,

Leo sikuulizi hali. Barua haikuja.

Asubuhi nimeweka shati mapajani kwa Baba. Vidole vyake vikaenda kwenye kola, vikasoma namba, vikarudi, vikasoma tena. Chai ikapoa. Nilisubiri aniombe radhi. Neno hilo Baba yetu hanalo, unamjua. Alichosema ni hiki: "Vuta kiti. Mkono wa kushoto kwanza."

Nikamwambia nyuzi bado.

"Nimesema nyuzi? Nimesema mkono."

Basi tumecheza mezani mpaka saa sita, naye ananipiga vidole nikikosea, mimi mwanamke wa miaka hamsini.

Massoudi anaanza Jumatatu. Mashati matatu nimempa afutie grisi. La nne Baba hataki kuliachia. Ukitaka kujua kwa nini, njoo umuulize mwenyewe.

Dada yako,
Elvire