Gari Lisiloamkia

Kibiti, Jumanne usiku

Yote kwa sababu ya waya mmoja. Hili gari la kubebea wagonjwa wa viti vya magurudumu limetoka Japani na mdomo wake. Kila nikirudi nyuma linasema Kijapani, kwa sauti ya mwanamke mpole. Jana nilichoka nalo, nikamwambia fundi akate waya.

Leo nimefika Ruaruke kumchukua Mzee Mbonde, nimpeleke kliniki ya kidonda chake cha mguu. Nikarudi nyuma kimya mpaka mlangoni kwake, nikashusha lifti ya kupandishia kiti, nikamuuliza kama yuko tayari. Ndivyo ninavyomuuliza siku zote.

"Leo mbona halijaniamkia?"

Nikamwambia limeharibika.

"Basi sipandi. Mtu mzima sibebwi na kitu kisichoniamkia."

Mkewe akambembeleza. Mzee akakigeuza kiti, akatazama ukuta. Na kile kidonda wiki iliyopita kilishaanza kunuka. Akikosa dawa leo, mguu wenyewe...

Nikapandisha lifti, nikaingia garini, nikasogea mbele kidogo, nikarudi nyuma. Nikatoa kichwa dirishani, nikasema kwa sauti nyembamba, "Shikamoo."

Nina miaka arobaini na mbili. Majirani walikuwepo.

"Marahaba, dereva." Akakigeuza kiti, akajisukuma mwenyewe mpaka nyuma ya gari. "Mwaka mzima unamtuma yule mwanamke aniamkie."

Mkewe akajifunika uso kwa khanga. Sikumwangalia.

Fundi kapita jioni kuuliza kama auunge waya. Nimemwambia auache hivyo hivyo.