Meza Yenye Umbo la Ziwa

Jumapili, 6 Aprili 2003
Nimetoka ibadani, nimekula, nimerudi gereji kupiga randa mbao za meza. Mimi nina bahati, sijui Mungu alinipendea nini. Mwaka jana upepo uliangusha mti wa pekani, ule wa njugu, hapa Arlington karibu na Dallas, ukalala mlangoni kwangu. Mbao za bure. Wengine wananunua.

Jumamosi watu wa Houston wanakuja kumposa Riziki wangu. Baba wa kijana, Papa Bulonza, alinitania kwenye simu: "Nyinyi wa Dallas mnakula kizungu, kila mtu na sahani yake magotini." Iliniuma. Atakuta meza moja, bugali moja, mikono yote. Nimeishi Kampala, Nairobi, Lusaka. Meza nazijua.

Jumatano, 9 Aprili
Meza imeisha. Pana kama ile ya duka la matajiri, niliyokwenda kuipima. Uzuri wake unatisha.

Alhamisi, 10 Aprili
Aibu. Mama Riziki ameweka bugali katikati, amenyoosha mkono. Haufiki.
"Papa Riziki, wageni tutawapa fimbo?"
Alicheka mpaka akakaa chini. Nilipima meza ya watu wenye sahani zao. Mpumbavu mimi. Bulonza akiikuta hivi, mtoto wangu ataolewa akiwa na mzaha juu yake. Sikula.

Ijumaa, 11 Aprili
Nimeomba ruhusa kazini. Nilikaa naitazama, nikakumbuka ziwa letu pale Uvira. Refu, jembamba, taa za Bujumbura unaziona ng'ambo. Nikaipasua meza kwa urefu, nikatoa ubao wa katikati, nikaunganisha. Kingo nimezichonga zipinde kama pwani za Tanganyika.

Mama Riziki amejaribu tena. Mkono umefika. Ameniongezea samaki.

Jumamosi, 12 Aprili
Nimeshinda. Papa Bulonza aliizunguka meza, akaweka kidole ukingoni.
"Hapa Kalemie. Mimi nakaa kwetu."
Basi watu wakaanza kugombania miji ya ziwa. Mchungaji alitaka kukaa Baraka, akakuta mke wa Bulonza ameshakaa. Riziki na mchumba wake wakatupwa ng'ambo, Kigoma, na Kiingereza chao. Mikono yote ilifika. Posa imepita. Bulonza anataka meza kama hii kwa kanisa lao pale Alief, Houston. Nimemwambia nitafikiria. Nafikiria nini, nimeshakubali.

Jumapili, 13 Aprili
Nyumba kimya. Nimefuta meza.

Jana Bulonza aliuliza mbao nilipata wapi. Nikasema bahati tu, upepo. Si kweli. Mti ulianguka kwa mzungu wa mtaa wa pili. Nilimwomba, akakataa. Nikarudi. Nikamkatia nyasi kiangazi kizima, ndipo akanipa mti. Bahati sina.