Mikebe Uliyoitikisa Sikioni

Baba,

Nimekaa karakanani juu ya gunia lako la mchanga, na tanuri liko mbele yangu. Sijaliwasha tangu siku ile. Huu ni mwezi wa tisa tangu tukuzike. Watu wanadhani ni msiba umenielemea, nami nawaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba naogopa. Naogopa kuligusa hata likiwa baridi.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kazi yote ulinifundisha kwa Kiswahili, ingawa nyumbani Asembo Bay hatukukizungumza. Ukiniambia jambo la kazi kwa Dholuo, lugha yetu ya nyumbani, nilijua umekasirika.

Mambo yamebadilika huku mjini. Gugu maji limefunika ufuo wote, kijani mpaka macho yachoke, na mitumbwi haitoki. Akina mama waliokuwa wakiuza samaki sasa wanavua mikebe. Si utani. Soda na bia za mikebe zimekuwa nyingi kuliko ulivyoziacha, watu wanakunywa na kutupa ziwani, gugu linainasa mikebe, na akina mama wanaingia na fimbo kuiopoa. Wanaikanyaga iwe bapa ili gunia libebe mingi, kisha wanatuletea. Karakana imejaa magunia mpaka dirishani, na kila mkebe umelala majini. Usiku nikifumba macho naiona yote ikiingia kwenye chungu cha kuyeyushia.

Ochieng' anasema tumekalia mali. Unamjua mwanao, akiona kifaranga tayari anahesabu mayai. Safari hii, hata hivyo, hoja yake ilikuwa na uzito. Alikwenda kwa Mzee Gurdip, rafiki yako muuza mashine kule viwandani, akaona mashine ya kufinya. Ni sanduku la chuma lenye jeki kubwa ya mafuta. Unajaza mikebe, unapiga jeki, inatoka kama tofali. Akaniambia, "Akinyi, hii ndiyo dawa. Mkebe moja moja inaelea juu ya chungu inaungua bure, inakuwa majivu. Tofali inazama, hupotezi kitu." Na ni kweli, Baba. Wewe mwenyewe ulikuwa ukilalamika kwamba nusu ya mkebe inakwenda na moshi. Akampa Mzee Gurdip mkono bila kuniuliza. Kilichobaki ni mimi kukubali, kwa sababu mwenye kuyeyusha ni mimi.

Ni lile neno "inazama" lililoninyima usingizi.

Mkebe mkavu ukielea unaungua tu. Mkebe wenye maji ukielea unatema, unaruka nyuma, unatukana, basi. Lakini maji yakizama ndani ya alumini iliyoyeyuka hayana pa kwenda ila juu, na yanapanda na chungu chote. Ulinifundisha hivyo siku yangu ya kwanza, ukiwa umesimama mbali na mlango wa tanuri, na koleo ukiielekeza kwangu kama mwalimu mwenye fimbo. Watu husema dawa ya moto ni moto. Wewe ulisema dawa ya moto ni ukavu, kisha ukacheka peke yako.

Na kila mkebe uliutikisa sikioni. Mmoja mmoja, hata iwe mia nne. Uliinamisha kichwa, ukafumba jicho, ukatikisa. Ukiwa na maji unauweka kando, mdomo chini, juu ya paa la bati. Wateja walisimama kukutazama. Walisema Mzee anaongea na mikebe.

Sasa niseme lile ambalo sijamwambia mtu.

Ulikuwa husikii, Baba. Miaka yote ile ya kugonga masanduku ya bati kabla hatujaanza kuyeyusha mikebe kutengeneza sufuria ilikuwa imekula masikio yako. Nilijua tangu siku mkebe ulipolia maji mkononi mwako mpaka mimi nikausikia nikiwa mlangoni, nawe ukautupa kwenye rundo la mikavu, umeridhika kabisa. Ningesema nini? Binti amwambie baba yake mbele ya wateja kwamba kiziwi hatikisi mikebe? Nilinyamaza. Ulipokwenda kunywa chai nilipita kwenye rundo lako, nikaitikisa yote upya, nikatoa yenye maji nikaipandisha juani. Nilifanya hivyo miaka miwili. Hukujua. Niliona ni heshima. Hata nilijisifu moyoni kwamba nakutunza.

Halafu maji ya mafuriko yakaingia nyumbani kwa shangazi kule Ahero, nikaenda kumsaidia kutoa vitu. Siku mbili tu. Nilikuambia usiwashe mpaka nirudi, nawe ukaitikia kwa kichwa. Sasa najua kwamba uliitikia kwa sababu uliona mdomo wangu ukicheza.

Uliwasha bila mimi, ukausukuma chini kwa koleo mkebe ulioudhani mkavu, na chungu chote kikakurukia usoni. Ngoja.

Juzi nilikwenda kwa Mzee Gurdip kuiona hiyo mashine. Alikuja mazishini kwako, sijui kama ulijua, akakaa nyuma na viatu vyake vimejaa tope, na akala pamoja nasi. Nilibeba mikebe thelathini. Mmoja niliutia maji yenye bluu ya kufulia, kisha nikaukanyaga bapa kama wanavyofanya akina mama wa ufuoni. Nikauweka katikati. Ochieng' akapiga jeki, chuma kikalia, mikebe ikalia, na chini ya sanduku yakachuruzika maji ya bluu. Ochieng' akafurahi. "Umeona? Maji yote imetoka. Unaogopa bure." Mzee Gurdip naye akasema, "Hii inafinya mpaka mwisho, mama. Mimi nauza kwa watu wengi."

Nilitamani sana kuwaamini. Laiti ningeamini, leo tanuri lingekuwa linawaka. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nikaomba msumeno wa chuma. Nikalibana lile tofali nikaanza kulikata. Ochieng' aliguna, akatazama saa. Nusu ya kwanza ilikuwa kavu. Nikafika katikati, na meno ya msumeno yakatoka na rangi ya bluu.

Hayakuwa maji mengi. Kijiko kimoja, labda pungufu. Yalikuwa yamefungiwa ndani ya mikunjo, yametulia, na hakuna sikio duniani ambalo lingeyasikia ukilitikisa lile tofali. Yalidondoka kwenye kiatu changu. Mzee Gurdip alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akainama kutazama. Akasema, "Hii mimi nilikuwa sijui." Akamrudishia Ochieng' mkono wake palepale, yaani akavunja mapatano yeye mwenyewe. Akasema hatauza kitu hicho kwa watoto wa rafiki yake. Kwa hao wengine aliowauzia akasema atawatafuta. Natumaini atawatafuta kweli.

Nilitoka nje nikaosha kiatu changu mpaka bluu ikaisha.

Kwa hiyo mashine ya kufinya hatununui. Nimechagua kitu ambacho ungekicheka. Ni kisu cha kukanyagia. Fundi wa kuchomelea pale sokoni Kibuye amekitengeneza kwa springi ya lori. Unauweka mkebe, unakanyaga, kisu kinashuka na kuupasua, unaufungua kama unavyofungua samaki. Tumbo lote linaonekana. Maji, tope, konokono, kila kitu kiko wazi. Vipande vinalala juu ya bati ambalo linapata joto la tanuri, mpaka vikauke kabisa, ndipo viingie chunguni kidogo kidogo, nikivisukuma chini kwa koleo. Ni kazi ya polepole. Mikebe mingine itaungua bure kama zamani, na sufuria zitakuwa chache kuliko alizoota Ochieng'. Amenung'unika siku nzima. Amesema nimechagua kisu cha jikoni badala ya mashine. Mwache anung'unike, bado ana uso wake wote.

Lakini kuna sababu nyingine ya kuchagua kisu, na hiyo ndiyo inayoniogopesha kuliko tanuri. Sikio langu la kushoto, Baba. Lilianza kwa mlio mwembamba, kama mbu. Sasa mlio umeisha na hakuna kitu. Niligonga bati pamoja nawe tangu nikiwa msichana wa shule, ningetegemea nini? Wiki iliyopita nilitikisa mkebe kwa mkono wa kushoto nikauona mkavu. Nikauhamishia kulia, maji yakacheka ndani yake. Nilisimama pale nikitazama huku na huku kama mwizi, kuona kama kuna aliyeniona. Nikaelewa kwamba hata wewe lazima ulikuwa na siku kama hiyo. Labda na wewe ulitazama huku na huku.

Jana nilimwambia Ochieng'. Nilianza na sikio langu, nikashindwa kuishia hapo, nikamwambia na lako, na rundo la mikavu, na miaka miwili, na Ahero. Nilitegemea anipige au alie. Alichukua mkebe mmoja akaugeuzageuza mkononi. Akasema taratibu, "Hata mimi nilijua. Hata Mama alijua. Nilidhani ni mimi tu nanyamaza."

Sote tulijua. Tulikuzunguka nyumba nzima, kila mmoja akikusitiri kwa upande wake, na katikati yetu ukawasha moto ukiwa peke yako.

Sijui kama unaweza kunisamehe. Sijui pia kama mimi nimekusamehe kwa kuinamisha kile kichwa na kufumba lile jicho, siku baada ya siku, ukijua fika kwamba husikii kitu. Nakupenda na nina hasira. Mama yeye anasema nikae nikuombee, nisikuulize maswali. Lakini wewe ndiye uliyenizoesha kuuliza.

Lala, Baba. Kaburi lako lina kivuli sasa, ile miti imeshika, na ufuoni kwenu gugu limefungua njia nyembamba ambayo mtumbwi mmoja unapita. Nitakuja nyumbani nikiwa na sufuria ya kwanza, mbaya au nzuri, Mama apikie.

Jumatatu nitawasha. Nitaogopa, najua. Lakini kabla sijatia kiberiti nitasimama mlangoni, mbele ya Ochieng' na wateja na akina mama wenye magunia, niseme kwamba sikio langu la kushoto limekufa, na kwamba atakayeona nimekosea anipigie kelele bila kunionea haya. Nitalisema kwa sauti kubwa. Sauti ambayo hata wewe ungeisikia.

Binti yako,
Akinyi