Matanga ya Mwimbaji wa Kelele

Jumapili, Juni. Kibaoni, Ifakara.

Asubuhi ilikuwa na ukungu, sweta sikulivua hadi saa nne. Sasa ni jioni, moshi wa majiko umetanda mtaani na macho yangu yamevimba. Leo nimelia mbele za watu. Nimemlilia mzungu ambaye hakuwahi kujua kama kuna mji unaitwa Ifakara.

Nianze mwanzo, maana nikija kusoma haya baadaye nitadhani nilichanganyikiwa.

Jana tulipata habari kwenye simu kwamba mwimbaji wa Kelele amefariki. Ni bendi ya roki, ile roki ya fujo wanayoiita panki, na ina jina lake la Kiingereza. Ila kanda tuliyokuwa nayo haikuwa na karatasi wala picha. Mjomba wake rafiki yangu Beni alipewa na fundi mitambo mmoja wa kizungu aliyekuwa anarudi kwao kutoka kwenye mashamba ya miwa. Mjomba akaisikiliza mara moja, akaandika juu yake kwa kalamu: KELELE. Kisha akamwachia Beni. Sisi tukadhani ndilo jina. Tulipokuja kulijua jina la kweli tulikuwa tumeshazoea.

Tulikuwa watatu, wanafunzi wa sekondari: mimi, Beni na Siwema. Siku hizi Beni anaendesha trekta huko Mngeta, Siwema ana mashine ya kusaga, mimi nina duka la madaftari na fotokopi. Magoti yetu yameanza kulalamika. Kanda bado inapiga.

Uzuri wake sijui niuelezeje. Nyimbo ni fupi, magitaa yanakwaruza, mpiga ngoma anakwenda mbio utadhani amechelewa basi. Na mwimbaji hana sauti. Kweli hana, mimi nilikuwa kwaya ya parokia, sauti nazijua. Kila mazoezi mwalimu wa kwaya alikuwa ananiambia Adelina punguza, Adelina unawafunika wenzako. Halafu siku moja, nimekaa sakafuni kwao Beni, nikamsikia mtu anaimba kwa koo lake lote, anakosea, anaendelea, hamwombi mtu radhi. Nikajisikia nimeruhusiwa.

Kuruhusiwa. Ndilo neno.

Kiingereza tulikipata kwa shida. Siwema alikaa na kamusi likizo nzima ili ajue wimbo wa tatu unasema nini, akakuta ni kijana aliyechoka kuambiwa asubiri. Mwaka ule mafuriko yalipobeba mpunga wetu, nyumbani hakuna anayeongea na mwenzake, Beni alikuja na redio yake nyekundu, akaweka upande A, akakaa. Hata pole hakusema. Mpaka leo sijapata pole iliyonifaa kuliko ile.

Na si sisi tu. Jana kwenye simu nilisoma maneno ya watu wa nchi nisizozijua, wengine wajukuu wameshapata, kila mmoja anasimulia alikuwa wapi aliposikia albamu ileile kwa mara ya kwanza. Nilijiona nina ndugu wengi.

Basi tukakubaliana leo baada ya misa tukutane kwangu, tumsikilize marehemu, tuagane naye. Nikatandika mikeka uani, nikatoa viti vya plastiki. Siwema akaja amejifunga khanga kama mimi. Beni akafika na pikipiki, vumbi tupu, redio kaifunga nyuma kwa mpira. Hata hajaiwasha, akakaa mkekani, akaanza kulia.

Mwanamume mzima analia uani, mikeka chini, wanawake wamejifunga khanga. Hapa kwetu huo ni msiba, na msibani hakuna anayesubiri kualikwa.

Haukupita muda majirani wakaanza kuingia. Wanaume wanatupa mkono, poleni, poleni, wanavuta viti. Wanawake wanashusha kuni. Mama Kanuti, jirani yangu wa ukuta mmoja, akaja na sufuria lake na mchele ndani, akapita moja kwa moja jikoni kwangu kuwasha moto. Mzee mmoja akamwuliza Beni mwili unatokea wapi. Beni akajibu kwa kwikwi kwamba ng'ambo. Wazee wakatikisa vichwa, wakaanza kujadili taabu ya kusafirisha maiti kwa ndege.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Kanuti amemzika mumewe masika haya haya. Nikimwacha apike, siku atakayojua ataona tumeufanyia mchezo msiba, na wa kwake ukiwemo. Nikimwambia, huenda asinisalimie tena. Na mimi bila Mama Kanuti sina jirani.

Nikamfuata jikoni. Nilikuwa nimeshamwamkia alipoingia, nikajikuta namwamkia tena. Akaitikia, akauliza bila kugeuka, "Alikuwa nani kwenu?"

"Hatujawahi kumwona, mama. Alikuwa mwimbaji huko Ulaya. Tunamsikiliza tangu shule."

Akageuka, mwiko mkononi. Nikaeleza vibaya vibaya, mikeka, viti, kwamba hatukukusudia kumdanganya mtu. Akatoka kwenda uani, akawaeleza wenzake jinsi ilivyo, kwa sauti ya kawaida. Yule mzee akanyanyuka, akasema msiba si wa kuchezea, tunajiitia balaa, akaondoka na wawili nyuma yake. Sikumlaumu.

Mama Kanuti akaketi mkekani, akanyoosha miguu. "Haya, mwekeni tumsikie."

Beni akabonyeza. Mwanzoni wanawake walicheka, mmoja akaziba masikio. Mama Kanuti hakucheka. Kufika wimbo wa tatu nikaona kidole chake kinagonga paja. Upande B ukaja, mpaka wimbo wa mwisho, pale mwimbaji anapopanda juu kabisa, na kanda ikaishia katikati ya neno, mahali inapoishia siku zote. Yule fundi alirekodi kutoka kwenye santuri, kanda ikamwishia. Kwenye simu wimbo upo mzima, lakini sisi watatu tukiuimba huwa tunaishia hapo hapo, tunanyamaza.

"Mbona amekatika?" akauliza Mama Kanuti.

Siwema akamweleza.

Mama akaigeukia redio. "Wangu naye alikatika hivyo, alikuwa anaongea," akasema.

Hapo ndipo nilipolia, na Siwema naye, na wale wanawake wa kuni. Hakuna aliyeuliza nani anamlilia nani. Kisha Mama Kanuti akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akamwambia Beni arudishe mwanzo.

Akarudisha. Waliobaki tukala wali, Kelele wakapiga mpaka betri zikachoka. Mtu asiye na sauti amewaimbia watu wa Kibaoni baada ya kufa kwake, na wamemsikiliza. Namshukuru sana. Sikupata kumwambia, basi naandika.

Sufuria la Mama Kanuti liko hapa miguuni, nimeshalisugua. Tangu masika kila siku namwuliza kama amekula, kama amelala. Kesho nikimrudishia nitamwuliza mumewe alipenda wimbo gani.