Enjenia Asiye na Trakta

Mdogo wangu Sifa,

Matanga yako yamekwisha. Wageni wamerudi Kabambare na Kasongo, masufuria yamerudishwa kwa wenyewe. Mimi nakula nikiambiwa kula. Redio inasema uongo wake wa kila asubuhi, na mimi niliyekuwa naijibu kwa kelele mpaka unacheka, naisikiliza tu kama mvua inayonyesha kwa jirani.

Jana familia ilikaa kwa ajili ya binti yako Faida. Anataka kusoma ulichosoma wewe, uhandisi wa kilimo. Baba Mkubwa akaguna: "Kulima? Bibi yake alilima maisha yote, nani alimupa diplome?" Watu wakacheka. Hata mimi ningecheka, kama mdomo ungekubali.

Nikakumbuka ulivyorudi hapa Wamaza kutoka chuoni. "Enjenia, trakta iko wapi?" walikutania njia nzima. Wewe ukaenda kukaa penye mashine ya kukoboa, unatazama mchele. Mchele ulikuwa unatoka vipandevipande, na watu walisema mwenye mashine ni mulozi, anauroga. Ukawaambia mpunga unapasuka kabla haujafika pale, ukianikwa juu ya turubai, kwa jua la saa sita. Ukawafundisha kuanika asubuhi, kuugeuzageuza, na jua likikaza kuuvuta kivulini. "Yaya," uliniambia mimi mkubwa wako, "wewe pigana na serikali, mimi napigana na jua. Tuone nani atashinda mbele."

Hayo ndiyo niliyowaeleza. Kwamba masomo yale ni kujua maji yapitishwe wapi ili bonde lilimike, ghala lijengwe vipi unyevu usiingie, mashine gani inafaa mahali pasipofika lori, na chakula kinapotelea wapi kati ya shamba na sufuria. Sikupiga meza. Sikumtukana mtu. Walinisikiliza, nadhani kwa kuogopa kwamba naumwa.

"Na akimaliza, nani atamupa kazi?" akauliza Baba Mkubwa.

Nikamgeukia Faida.

Faida akajibu mwenyewe, taratibu: "Babu, tangu mama alikufa mumeanza tena kuanika mpunga saa sita. Kazi iko."

Hakuna aliyecheka. Baba Mkubwa akamtazama mjukuu wake, akasema: "Basi aende."

Lala, mdogo wangu. Kesho ninampeleka Kasongo kwa pikipiki. Barabara ikikatika tutashuka, tutasukuma. Nakuahidi sitarudi kabla jina lake halijaandikwa pale chuoni.

Yaya wako