Siku Niliyowasilisha Mbuzi wa Baba

Mama yangu, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute mzima huko Mkongani, na goti liwe limepungua kuuma sasa ambapo umo ndani ya eda na huendi shamba. Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya Eldoret nimeizoea, chakula nakula, swala naswali. Zaidi ya hapo sina la kukueleza, maana sijisikii vibaya wala vizuri. Tangu baba afariki sijatoa chozi.

Barua hii isome mwenyewe, usimpe mtu akusomee. Kwenye simu siwezi kusema haya, kwa kuwa yako huwekwa spika na nyumba haikosi wageni. Kila tukizungumza unaniomba msamaha kwamba mlinificha msiba mpaka nikamaliza mtihani. Naomba uache, Mama. Nilijua. Nilijua asubuhi ile ile.

Umekuwa ukiniuliza huku nasoma nini hasa. Somo lenyewe ni la kuunda programu za kompyuta kwa kuigawa kazi katika vitu. Ukitaka programu ya mifugo, unaunda mbuzi, unaunda mfugaji, na kila kimoja kinabeba habari zake na kinaijua kazi yake. Habari za ndani hazianikwi ovyo. Kingine kikizihitaji kinaomba, na kinapewa kile tu kinachoruhusiwa. Somo hili nilianguka mwaka jana, na kama ningeanguka tena, chuo kingenirudisha nyumbani kabisa.

Mtihani wake ni mradi unaouwasilisha mbele ya mhadhiri, na wangu ulikuwa wa mbuzi. Mwanzo kila mbuzi nilimpa mtu mmoja, mwenyewe, nikaona nimemaliza. Nikampigia baba kumsimulia, akacheka mpaka akakohoa. Akaniuliza wale mbuzi wa ami Hamisi walioko zizini kwetu ni wa nani. Nikasema ni wa ami. Akauliza maziwa yao anakunywa nani, na wakizaa, nani hupewa mwanambuzi kwa kazi ya kuwalea.

"Basi mbuzi huyo ana watu wawili," akasema. "Mwenyewe, na anayemfuga. Ukimsahau wa pili, siku ya kugawana mtapigana."

Nikavunja kazi ya wiki mbili nikaanza upya. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho.

Siku ya kuwasilisha niliamka nikafungua simu. Binti yake shangazi alikuwa ameweka picha ya baba, na chini yake ameandika kwamba amerejea kwa Mola wake na maziko ni baada ya alasiri. Nikaisoma mara nyingi. Nilipoifungua tena ilikuwa imefutwa, nikajua mmemwambia aifute. Nikampigia Bakari, nikamwomba nizungumze na baba.

Mdogo wangu akajibu: "Baba amelala, kaka."

"Haya," nikamwambia. "Msimwamshe."

Nikakata simu, nikavaa shati jeupe, nikaenda. Mhadhiri, mama mmoja wa bara, aliniuliza kwa nini mbuzi mmoja awe na watu wawili. Nikamweleza yote ya baba, neno kwa neno. Akasema ni mimi peke yangu niliyekwenda kuwauliza wafugaji wenyewe. Wenzangu wakatania kwamba nanuka beberu, nami nikacheka nao. Nimefaulu, Mama. Ilikuwa saa tano. Huko mlikuwa hamjamwosha bado.

Nimejiambia kwamba hata ningepanda basi saa ile ningefika kesho yake. Ni kweli, lakini sikukaa kwa sababu hiyo. Ningesema neno moja tu, ami angewazuia watu wanisubiri, kwa sababu mimi ndiye mtoto wa kwanza na mimi ndiye wa kuingia kaburini kumpokea. Sikusema, niliogopa kuukosa mtihani na kufukuzwa chuoni. Nyinyi mlinificha kwa huruma, na mimi niliwaacha mnifiche kwa sababu ilinifaa. Naona aibu, ingawa hata aibu yenyewe naiona kwa mbali.

Nitakuja kabla ya arubaini. Ukiona huwezi kunitazama, nitafikia kwa ami, nami sitalalamika.

Nisalimie nyanya mzaa baba, umwambie dua zake zinafika. Nisalimie shangazi na binti yake, asijilaumu kwa ile picha. Ami Hamisi, aliyeshuka kaburini mahali pangu, mpe mkono wangu. Bakari naye msalimie sana, lakini haya usimwambie. Tangu siku ile akinipigia sauti yake huwa ndogo, na hukata upesi. Nataka nikae naye mimi mwenyewe nimwambie kwamba hakunidanganya.

Mwanao,
Mwinyi