Iliki ya Porini Aliyotupikia Mgeni

Mjukuu wangu Neema,

Huku Simbo hatujambo, ila babu yako kikohozi hakijamwachia. Unauliza kama iliki ya porini ina faida, maana chuoni wanasema ina madini na viondoa sumu.

Sisi tuliidhani ndiyo sumu. Miaka ya wakimbizi, mama mmoja Mrundi tuliyemhifadhi alitupikia uji, akatia mbegu nyeusi alizochuma bondeni. Kwetu mpishi huonja kwanza mbele ya watu. Yeye hakuonja. Hatukugusa.

"Mbona huonji?" mama yangu akamuuliza kwa ukali.

"Niliogopa mtasema namaliza unga wenu."

Akaonja, tukanywa. Ulikuwa mtamu.

Ile iliki ya kopo uliyonitumia sijaifungua, siiamini. Njoo uionje kwanza, nikikutazama.

Bibi yako